Visanduku vya Jumapili

Bweni la Wanawake,
Chumba 14.
9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukugombeza kwenye ngazi. Mimi sijambo. Nakula vizuri, ingawa ukiniona utabisha. Mara ya mwisho ulinisuta kwamba nakuandikia kama naandika ripoti. Leo nitajitahidi, ila nina jambo zito, na nisipolitoa mapema nitaishia kukusimulia habari za mvua.

Siku hizi sisi wa uzamili hatuwasilishi utafiti kwa kusoma kurasa. Kila mmoja hupewa ubao na nafasi ya bango moja: picha moja, maneno yasiyozidi thelathini. Watu husimama mbele yake dakika mbili nzima nawe umefunga mdomo, maana picha inatakiwa ijitetee yenyewe. Kisha unapewa dakika moja ya kusema. Kengele ikilia, umekwisha.

Mwenzangu anayetafiti kuta alibandika picha ya ufa. Mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, nyumba hii ungeitengeneza kwanza, ndipo uipige picha." Maskini, alibaki kuuma midomo, hawezi kujibu.

Mimi, kama unavyojua, nawatafiti wanaouguza wagonjwa nyumbani. Picha yangu ilikuwa karatasi yako, Shangazi. Ile uliyoichora visanduku kwa rula, ukaweka alama ya vema kila Bibi alipomeza dawa. Niliikuta kwenye bahasha ya kliniki tulipokuwa tukisafisha chumba chake, nikaikuza ikawa na upana wa mlango. Sikukuomba ruhusa. Wageni kabisa huwa nawasainisha fomu kabla sijawauliza hata umri, lakini wewe nilikuona wa kwetu, nikajichukulia. Nisamehe kwanza kwa hilo.

Chini yake niliandika kwamba ni ya binti aliyemuuguza mama yake, na kwamba visanduku vitupu ni uchovu: mlezi akielemewa, husahau. Niliandika bila kusita, maana ndivyo nilivyokuwa nikisikia nyumbani tangu Bibi atutoke: kwamba dawa zake ulizisahau wewe. Wewe unayajua yaliyosemwa. Ndiyo yaliyokuhamisha.

Alhamisi, katika zile dakika zangu mbili, akaja jaji mmoja, muuguzi mstaafu. Akavaa miwani, akahesabu kwa kidole.

"Huyu hakusahau," akamwambia jaji mwenzake. "Anayesahau huruka ovyo ovyo. Huyu ni kila Jumapili, asubuhi na mchana. Siku nyingine zote hajakosa hata moja."

"Basi alimnyima makusudi," mwenzake akacheka. "Watu na mama zao!"

"Au Jumapili alikuwepo mtu mwingine. Hebu binti, nani alikuwa zamu?"

Nikamtazama tu. Ndiyo sheria.

Shangazi, jibu lilinijia palepale. Jumapili wewe ulikuwa hotelini unafua mashuka tangu alfajiri hadi jua linazama. Jumapili alikuwepo Baba. Kisha dakika yangu ya kusema ikafika, na mdomo ulikuwa wangu sasa, nami nikasema yale yale niliyokariri: uchovu, kuelemewa, kusahau. Kengele ikalia, watu wakapiga makofi. Nimekuwa wa pili. Cheti nimekitia chini ya godoro, kifudifudi.

Tangu siku hiyo najiuliza swali moja. Kalamu ulikuwa nayo. Jioni ukirudi ungeweza kuvijaza vile visanduku, au kuandika pembeni ni nani aliyeviacha. Hukujaza, hukuandika. Karatasi ilikuwa inasema kweli muda wote, na hakuna aliyeisoma, hata mimi niliyeikodolea macho miezi minane na kujiita mtafiti.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa kibarazani anagundisha soli ya kiatu. Nikamwekea karatasi magotini. Aliitazama mpaka gundi ikamkaukia vidoleni.

"Alikuwa hataki kumeza," akasema. "Ananifukuza kama mbu. Nikajiambia, siku moja si kitu."

"Na jioni, Shangazi akirudi?"

"Nilimwona anahesabu vidonge. Hakuniuliza. Nikaona, kama haulizi, basi yameisha."

"Na ndugu walipokuja kusema ni yeye aliyesahau?"

"Nilinyamaza."

Nilikuwa nimekwenda na hasira za safari nzima, zikaniishia pale. Ningemkaripia kwa mdomo gani, mimi niliyenyamaza juzi tu?

Jioni ile ile aliwaita baba zangu wadogo wote wawili akawaambia. Maneno hayakuzidi kumi. Baba mdogo wa kwanza alitoka bila kuaga. Wa pili akauliza kama anwani yako ni ile ile.

Idara inataka bango litundikwe kwenye korido mwaka mzima. Msimamizi wangu anasema nibadilishe maneno tu, mambo yaishe. Lakini maneno ya kweli si yangu kuyatundika. Karatasi yako nimeitia humu ndani ya bahasha, nakurudishia. Ukikubali niitumie, niandikie pia niseme nini chini yake. Ukikataa, naiondoa na sura yote ya tasnifu iliyojengwa juu yake, naanza upya, wala sitakulaumu hata moyoni.

Mama anakusalimu sana. Dada mkubwa na mapacha wake wanakushika miguu. Msalimie jirani yako mshonaji, yule anayekusomea barua miwani yako ikipotea. Kama ni yeye anayesoma hii, basi naye aniwie radhi kwa kumpa mzigo huu. Mungu akuwekee mkono wake, akupe usingizi mzuri na watu wa kukuuliza hali.

Baba hakunituma salamu. Alinisindikiza hadi barabarani, akasimama, akaniambia nikuulize jambo moja tu: akikupigia simu, utapokea?

Mtoto wa kaka yako, akupendaye kwa dhati.