Vichujio vya Jumatatu

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwa mama. Natumaini goti lake limepata nafuu na mtoto kikohozi kimemwachia. Mimi mwili mzima, moyoni ndiko kubaya, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningepata pa kujificha.

Miezi mitatu sasa tangu ufungashe virago ukamwacha mumeo, shemeji yangu. Sikukulaumu. Mwanamume anayeangusha vikombe, anayepepesuka saa nne asubuhi, anayesahau kumchukua mtoto shuleni, nani asingesema ni pombe? Yule Redio wetu, aliyekuwa akiongea hadi kinyozi anamwomba apumue, siku hizi analitafuta neno “kijiko” mpaka machozi yanamlengalenga.

Wiki iliyopita nilimpeleka kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Alimwambia afunge kifungo cha shati, akashindwa. Akauliza kazi yake, nami nikaeleza chumba cha kupulizia pale kiwandani: vitambaa vya hospitali, ili viue vijidudu, hupakwa unga wa fedha, ile ya pete na mikufu, uliosagwa laini hata ukiwa hewani huuoni. Daktari alisema chembe ndogo kiasi hicho huenda zikapita puani zikafuata mishipa hadi kwenye ubongo. Hakuapa kwamba ndizo zilizomharibu. Alisema jambo hilo bado linachunguzwa. Ila damu yake ilikutwa na fedha nyingi, na dalili ya pombe hakuiona. Kisha akauliza kama alivaa barakoa. Shemeji akajibu kwa majivuno kwamba hakuwahi kuivua, na kwamba vichujio vyake alikabidhiwa kila Jumatatu na mtunza stoo, shemeji yake mwenyewe, yaani mimi.

Nilitoka nje nikasimama karibu na mapipa ya taka.

Mdogo wangu, vichujio vile vilikuwa vya wiki moja, kisha vitupwe. Maboksi ya vipya yakawa yanachelewa, nami nikajiona mjanja. Nilichukua mpira wa kompresa, uleule wa kujazia upepo matairi ya mikokoteni, nikavipuliza hadi vikawa vyeupe, nikavirudisha kwenye boksi. Miaka miwili. Meneja alinisifu mbele ya watu. Fundi wa mitambo alinionya kwamba upepo ule unavichana ndani kwa ndani; nikamwambia abaki na spana zake.

Na uliponijia ukilia, ukaniuliza kama mumeo anakunywa, nilikuwa nimeshaanza kuvishuku vichujio. Nikakwambia ndiyo, anakunywa. Hajawahi hata kuonja. Niliogopa, basi.

Yeye nimemweleza yote. Alinishika bega akasema yamekwisha, sisi ni ndugu. Asubuhi yake akaniuliza mbona nina sura ya msiba. Ikabidi nimweleze upya, akalia upya, akanisamehe upya. Leo ilikuwa mara ya nne.

Wewe usinisamehe kama huwezi, lakini njoo. Jina lako bado analijua. La mtoto jana lilimpotea hadi jioni.

Nisalimie mama, na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Basi la Jumamosi likifika, shemeji atakuwa kituoni. Kama hutaki kuniona, fundi ndiye atakayemshika mkono. Nimemwekea karatasi mfukoni, nimeandika anamsubiri nani.

Ni mimi,
Kaka yako