Mama Baraka Atakaa Mbele

Baraka, ndugu yangu,

Jonas ameiba wimbo wako. Nianze na hilo, maana ndilo linaloninyima usingizi. Jonas huyu huyu mpiga besi wetu, aliyelia kwenye kilio cha mazishi yako kuliko mama yako mzazi, mpaka wamama wakamletea maji. Sasa anauimba kila wiki kwenye hoteli moja ya mtaa wa Himbi, kando ya ziwa, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na anawaambia watu kwamba aliutunga yeye.

Unakumbuka tulivyoanza? Vijana watatu wa mtaa wa Mapendo, sekondari hatujamaliza, na tunataka kupiga roki! Gitaa lako lilikuwa kopo la mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Ngoma yangu kubwa ilikuwa beseni la mama yako la kuuzia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Alilisugua kwa majivu lakini harufu haikutoka, na tulipolisukuma kwa chukudu, kile kigari chetu cha mbao, kwenda mazoezini, paka walitufuata mpaka barabara kubwa. Majirani wakasema tunapiga muziki wa shetani. Mama yako akawajibu, "Muache batoto. Shetani gani ananuka samaki?"

Kwa ajili ya lile beseni ulimtungia wimbo. Katikati vyombo vyote vinanyamaza, unaita "Mama Baraka!", halafu mimi narudisha ngoma. Wanamuziki wengine wa hapa kwetu, mahali kama pale huwauzia matajiri: tajiri analipa, jina lake linatajwa ndani ya wimbo. Wewe ulikataa katakata. "Hapa ni fasi ya mama. Hata mukubwa gani akuye, atangoya inje."

Basi Jonas amewaingiza ndani. Pale pale anamtaja mwenye hoteli, anamtaja mwenye malori, watu ambao hawajawahi kuonja hata sambaza mmoja wa mama yako. Nilipomfuata kumuuliza, alicheka. "Baraka alishakufa. Jina ya mama yake itatuletea nini?" Sikumpiga. Mpaka leo mkono huu unaniuma kwa kutompiga.

Mama yako amebadilika. Bado anauza, lakini haimbi tena akikaanga, na mtu akimwita Mama Baraka anageuka polepole, kana kwamba anaitwa mwingine.

Lakini siku za mwizi ni arobaini. Wiki hii Jonas amekuja mwenyewe kwangu, mpole kama kondoo. Wapiga ngoma wake wote wanaharibu pale kwenye kimya, wanarudi mapema, wimbo unaanguka. Hawajui kwamba pale hatukuwa tunahesabu. Mimi nilikuwa nakungoja wewe tu, umalize kumwita mama, ndipo nipige. Jumamosi wana sherehe kubwa, akaniomba nikamsaidie. Nikakubali haraka, hata nikamchekea. Anadhani nimesahau.

Mama yako anakuja pia. Nimemwambia avae kile kitenge cha Noeli, nitamkalisha mbele. Akasita, "Nikafanye nini kwa bakubwa?" Nikamjibu, kusikiliza tu, mama.

Baraka, vyombo vitanyamaza. Jonas atamtaja mwenye hoteli, nami nitainua fimbo zangu na kukaa hivyo hivyo. Amtaje mwenye malori, sipigi. Ageuke anitazame, jasho limtoke chini ya ile miwani, watu waanze kuguna, sipigi. Ngoma hairudi mpaka amwite mama yako, kwa sauti, huku anamwona pale mbele. Najua sitapata kazi tena Himbi, na huenda watu wake wakaningoja nje. Wangoje.

Padri anasema nisamehe. Nitasamehe Jumapili.

Lala, ndugu yangu. Nakuahidi, jina la mama litarudi mahali ulipoliweka. Jumamosi ukisikia kimya kirefu upande wa ziwa, usidhani nimekosea. Ni mimi, nangoja aitwe.

Wako wa beseni,
Faustin