Bodi Iliyobaki na Betri ya Taa

Bangwe,
Kigoma.
24 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Castory,

Hujambo huko Tanga? Wifi Diana naye, kifua kimeachia? Sisi wazima. Mama anatembea mwenyewe mpaka ufukweni, na mdomo wake uko palepale.

Najua unangoja habari za zile bodi mbili za umeme ulizonitumia, za kuiamuru mota ivute turubai juu ya chanja za kuanikia dagaa mvua ikianza. Moja imekufa. Aliyeiua ni shemeji yako Elia, tena kwa huruma! Mwezi ulikuwa mkubwa, dagaa hawafuati taa, basi yeye na wenzake hawakwenda ziwani, betri ya taa za mtumbwi imekaa bure. Akaona nahangaika na vibetri vya tochi, akaichomeka bodi moja kwa moja kwenye betri ile kama tunavyofanya redio. Volti kumi na mbili kwa kitu kinachotaka tano! Moshi ukatoka, basi.

Nililia, Castory. Mvua za mwaka jana ziliniozeshea chanja nzima, dagaa wakaishia kwa kuku. Mama akasema nitupe takataka hizo, nikimbizane na mawingu kama wenzangu. Nikasema sitaki. Na wewe usithubutu kutuma nyingine, hii iliyobaki itafanya kazi.

Nikafuata ulivyonielekeza kwenye simu. Nilinunua kipunguza umeme pale sokoni Mwanga, nikakirekebisha mpaka mita ikasoma tano, ndipo nikaunga bodi. Fyuzi iko jirani kabisa na betri, upande wa chanya. Mota nimeipa njia yake ya umeme, isije ikainyang'anya bodi. Elia nikamwapisha asiguse hata kwa kidole.

Alhamisi nikiwa sokoni Mwanga, mvua ikashuka. Nilipanda bodaboda roho mkononi, maana ile ndiyo bodi ya mwisho na dagaa walikuwa wamejaa chanjani. Nikamkuta Elia katikati ya uwanja, amelowa chepechepe, mikono ameiweka mgongoni. Turubai lilikuwa limeshajivuta lenyewe mpaka mwisho.

"Sijagusa," akaniambia.

Nikainua pembe ya turubai. Dagaa wangu wakavu kabisa! Nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye tope.

Nisalimie Diana na mwanangu Oswald. Mama anakusalimu sana, naye sasa anauliza kama takataka ile inaweza kufunika na mihogo yake.

Mungu awafunike nyote, awakinge na kila baya.

Dada yako akupendaye,
Rozalia