Redio ya Jirani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limekupa likizo kidogo. Sisi huku wazima wa mwili. Mkweo anakusalimu, wajukuu wanakuamkia, na cherehani nayo haijambo, inakoroma kama baba akisinzia.

Najua Kitindamimba wetu ameshafika, na najua amekuambia amerudi kwa sababu alikukumbuka. Si uongo, lakini si ukweli wote. Mdogo wangu ananisitiri, mama, na kusitiriwa huku kunaniunguza.

Uliponikabidhi yeye baada ya kumzika mwanawe, uliniambia nimpe mahali pa kulia. Mwanzoni nilijitahidi. Nilimpa chumba cha nyuma, nikampikia, nikakaa naye. Lakini wewe unanijua, mimi ni mtu wa mapazia. Nusu ya nyumba za waumini wenzangu nimezivalisha mimi, na nikiingia kwa mtu naangalia dirisha kabla sijamwangalia yeye usoni. Zamu yetu ya ibada ya kubariki nyumba ilipokaribia, akili yangu yote ilihamia madirishani. Kanisani kwetu, mwishoni mwa ibada hiyo mwenye nyumba husimama na kueleza jinsi Mungu alivyombariki. Waliotutangulia walikuwa wametaja mengi, mmoja hadi bomba la jikoni, nami sikutaka kuonekana mnyonge. Nilishona mapazia mapya, nikabadilisha vitambaa vya makochi, nikafanya mazoezi ya ushuhuda wangu mbele ya kioo mpaka mume wangu akauliza kama nagombea ubunge.

Siku ilipofika nilimwomba mdogo wangu abaki chumbani. Nilimwambia ni kwa faida yake, watu wasije kumchosha kwa maswali. Aliniangalia, akasema sawa dada, akafunga mlango mwenyewe.

Wageni walijaa. Mchungaji hakugusia nyumba wala riziki. Alisoma pale Bwana Yesu anapowaita heri wanaoomboleza, akasema sisi tukiona paa jipya tunasema huyo amebarikiwa, kumbe Mungu anakwenda kukaa na yule ambaye moyo wake umebomoka. Akasema nyumba yenye baraka ni ile ambayo mtu anaweza kulia ndani yake bila kuomba radhi. Mimi niliitikia kwa kichwa, kana kwamba anasemwa mtu mwingine.

Ndipo kilio kikatoka chumba cha nyuma. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kile cha mtu anayejiziba mdomo kwa mto, lakini sebule nzima ilikisikia. Mchungaji akauliza kwa upole ni nani analia.

Mama, nilisema ni redio ya jirani.

Nyumba yetu ni ya mwisho mtaani, jirani tunaye mmoja tu. Na jirani mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kochi langu, kikombe mkononi. Hana redio, na kila mtu pale anajua kwamba hana. Aliinamisha macho, na wengine wote wakainamisha yao. Kisha nikasimama nikatoa ushuhuda wangu wote kama nilivyouandaa, kwa sauti ya juu kidogo ili nimfunike mdogo wangu. Nilimshukuru Mungu kwa nyumba yenye furaha.

Wageni walipoondoka, jirani alibaki kunisaidia kukusanya vikombe. Alipofika mlangoni aliniomba nimfikishie pole zake huyo aliyekuwa kwenye redio. Laiti angenizaba kibao.

Asubuhi nilimkuta Kitindamimba ameshakunja shuka na kufunga mkoba. Nilisubiri anitukane. Yeye akaniuliza kama wageni walifurahi, halafu akayasifu mapazia, akasema yamependeza. Alipokwisha kuondoka nilijifungia chooni nikalia, na hata huko niliziba mdomo watoto wasinisikie. Hapo nikajua nilikuwa nimempa mdogo wangu wa tumbo moja maisha gani.

Naona aibu, mama. Naona aibu kwako, kwake, na kwa yule mtoto tuliyemzika, ambaye machozi ya kumlilia niliyaita redio. Tafadhali msomee Kitindamimba barua hii yote, usiruke mahali. Akinyamaza, usimlazimishe kunijibu.

Cherehani nimeihamishia chumba cha nyuma. Cha mbele ni chake, akitaka. Siku akikubali kuja nitawaita wageni wale wale, naye atakaa sebuleni katikati yetu. Na mchungaji akiuliza tena ni nani analia, nitasema ni mdogo wangu.

Wasalimie wote hapo nyumbani, lakini yeye umsalimie wa kwanza.

Ni mimi binti yako mkubwa,
Fundi Mapazia