Nishani ya Mtu Asiye na Jina

Karakana ya Fremu,
Al Mansoura, Doha.
17 Februari 2014

Mpendwa Shangazi Nyanchama,

Nakusalimu kwa upendo mwingi kutoka huku Doha. Mguu unaendeleaje tangu utolewe plasta? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umechafuka, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Unajua kazi yangu ni kutengeneza fremu. Mwezi uliopita bosi alileta picha ya mwanamume kutoka Poland, iliyochorwa kwa rangi ya mafuta karne ya kumi na tisa. Ni mtu wa makamo, koti jeusi limechakaa kwenye kola, chunjua kubwa chini ya jicho, anakutazama kama aliyekatizwa kazi. Nyuma palikuwa na karatasi, na bosi mwenyewe alinisomea: mwanamume, jina halijulikani. Nilimpenda, Shangazi. Nilimpangusa vumbi kwa pamba siku mbili nzima.

Jumanne bosi akaibandua karatasi ile akaitupa. Akamwamuru Marvin, Mganda anayerekebisha picha hapa, afute chunjua na kumchorea nishani ya dhahabu kifuani. Mimi nikaambiwa nipigilie kibao cha shaba kilichoandikwa "Mwanamfalme". Marvin alichora bila kunitazama usoni. Harufu ya ile rangi ilijaa karakana nzima. Kibao nilikipigilia mimi, hilo silifichi.

Alhamisi alikuja mteja kutoka Al Wakrah, mzee mpole, akitafuta picha ya sebuleni. Bosi alipotoka kupokea simu, mzee akaniuliza, "Kweli huyu alikuwa mwanamfalme?"

Nikamwambia, "Hapana, mzee. Jina lake halijulikani. Nishani tumeichora juzi."

Akaigusa. Rangi ikamshika kidoleni. Nilidhani atakasirika na kuondoka, kumbe akacheka, akajipangusa kwa kitambaa. "Wageni wangu hawatauliza," akasema. "Ukutani kwangu situndiki mtu wa hivi hivi."

Akainunua, tena akamsimulia bosi nilichosema, kama mzaha. Bosi akaniamuru niibebe hadi kwenye gari. Nikakataa. Marvin ndiye aliyeibeba.

Baadaye bosi akaniambia niombe radhi au nirudi kwetu, kwa kuwa yeye ndiye kafili wangu, mdhamini wa kibali changu cha kazi, na hataniruhusu kuhamia kwa mwajiri mwingine. Nikamjibu, "Nitarudi."

Nafika Nairobi tarehe 9 Machi. Mama hajui, na masomo ya mdogo wangu Stacy yalinitegemea mimi. Nimempigia Mama mara mbili, nikaishia kuuliza habari za mvua. Nakuomba umwandae wewe. Usimwambie nilifukuzwa. Mwambie nilipewa nafasi ya kubaki, nikaiona inanuka.

Nisalimie Stacy, Edith na Nahashon, na majirani wote wa Keroka. Mungu awalinde mpaka nitakapobisha hodi.

Wako akupendaye,
Benard