Panya wa Ruiru na Mboga za Mama Njoki

Dada yangu Saida,

Pokea salamu kutoka Ruiru, ambako baridi ya Julai imenizoeza kuvaa sweta mbili bila haya. Tumefaulu, dada!

Nilikueleza kwamba dawa yetu ingepunguza, walau kwa siku chache, uharibifu ambao oksijeni ya aina kali huufanya katika ini. Katika jaribio la kwanza, panya waliopewa dawa na wasiopewa walitoka sawasawa, na msimamizi wangu akataka tuachane nayo. Kisha nikamkuta Mama Njoki, anayewalisha panya hao, akiwagawia wote karoti na sukuma wiki za shambani kwake Kimbo. Mboga nazo hulilinda ini, hivyo hata wasiopewa dawa walikuwa wamekingwa. Nikamkataza.

"Ngai! Mungu wangu, Daktari!" akanijibu. "Wewe unaweza kula ugali kavu? Na hawa je?"

Tulirudia jaribio kwa chakula kikavu pekee. Leo asubuhi nilitia kemikali katika mirija ya kioo yenye sampuli za maini yao; kadiri ini lilivyoharibika, ndivyo rangi ya waridi inavyokolea. Safu ya panya wasiopewa dawa ilikolea mbele ya macho yetu. Ile ya waliopewa ilibaki karibu maji matupu. Msimamizi aliitazama, akanipa mkono, nami nikatabasamu.

"Kumbe Daktari ana meno!" Mama Njoki akacheka. "Tangu akuje sijawahi kuyaona."

Ni panya tu, na ni siku chache tu. Sidai zaidi ya hapo. Lakini ni kweli, na nimeithibitisha mimi. Mwombe Mama anipigie vigelegele, majirani wasikie.

Akupendaye daima,
Salim