Kioo cha Saba

Garafía, La Palma
Ijumaa, 15 Machi 2019

Mpendwa mdogo wangu Nélida,

Pokea salamu za dada yako anayekukumbuka mno. Goti linaendeleaje, na dawa zinapatikana huko Karakasi? Sisi tu wazima, ila mume wangu Evelio anakohoa na sweta hataki. Mimi mwili uko salama. Kichwa ndicho kimevurugika.

Unajua nina kibarua kule kileleni, kwenye darubini kubwa za kutazamia nyota. Vipande kumi na viwili vya vioo vimeanikwa nje, mwaka wa tatu huu, vipigwe na barafu, upepo na jua. Dakta Rosaura, mtafiti anayevijaribu, anatafuta kioo cha darubini kitakachodumu bila paa. Kazi yangu ni kuandika hali ya hewa kila siku na kutovigusa. Mtu analipwa ili asisafishe. Hata leo sielewi.

Wiki iliyopita vumbi la Sahara lilitufunika siku nne, kisha nikasikia wageni wanakuja kuviona vioo. Unajua mama alivyotulea: kuliko mgeni akute vumbi, heri akukute umekufa. Nikachukua fulana kuukuu ya Evelio na siki, nikaanza na kioo cha saba, kilicho karibu na njia. Ndipo Dakta akatokea nyuma yangu.

"Mama Benigna, unafanya nini?"

"Naondoa aibu. Si wageni wanakuja?"

"Wanakuja kuliona hilo hilo vumbi, mama."

Akaketi chini. Kioo kilikuwa kimejaa mikwaruzo, maana vumbi lile ni mchanga mtupu. Jasho la mtu la miaka mitatu, Nélida, nimeliharibu kwa fulana. Nililia mbele yake bila haya.

Nikangoja kufukuzwa. Juzi akaniletea daftari: kila Ijumaa nikifute cha saba, kwa fulana ileile na siki ileile, kisha niandike kinavyochakaa. Eti huko vioo vitakakopelekwa hatakosekana mtu wa kufuta, na yeye hakuwa amelifikiria hilo. Sijui nimesamehewa au nimeadhibiwa. Evelio anacheka tu, anasema ukaidi umenipandisha cheo.

Leo ndiyo Ijumaa ya kwanza. Nilisimama mbele ya kioo karibu nusu saa, mkono ukakataa. Dakta akaja, akaushika mkono wangu, tukafuta pamoja. Nilipomtazama, alikuwa amefumba macho.

Nisalimie shemeji Wilmer na mwanao Yuleisy. Bikira Maria wa Theluji, msimamizi wa kisiwa chetu, awafunike nyote, nawe uniombee kila Ijumaa.

Dada yako akupendaye, ingawa haelewi kitu,
Benigna